Sodiamu ya mama ilishuka: je, chumvi ilimwishia mwilini?

"Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 72 na ana presha ya siku nyingi. Chumvi aliiacha kabisa miaka sita iliyopita, na kila siku hunywa maji kama lita tatu, anasema yanasafisha figo. Hamu ya kula imempungua sana. Wiki tatu kabla ya kuugua alibadilishiwa dawa ya presha, akapewa kidonge cha kukojoza cha kundi la thiazaidi. Akaanza kichefuchefu, akawa anayumba akitembea, kisha usiku mmoja akaanza kuongea vitu visivyoeleweka na kumwita dada yangu kwa jina la bibi aliyekwisha fariki. Hospitali wakampima, sodiamu ikawa 114. Wakamwekea dripu ya chumvi. Kesho yake asubuhi ilikuwa 122, tukafurahi, lakini hapo hapo wakaitoa wakaweka dripu ya sukari! Ikawa inapanda kidogo kidogo hadi siku ya sita akaruhusiwa ikiwa 131, tukaambiwa aache kile kidonge na apunguze maji. Sasa ana wiki mbili nyumbani. Kaka yangu anasema madaktari walizembea, wangeweza kumaliza kazi kwa siku moja. Mimi kila asubuhi namkorogea kijiko cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu ili isishuke tena. Na mwanangu wa sekondari kafundishwa kwamba sodiamu ni metali inayolipuka ikigusa maji, anauliza inakaaje mwilini mwa bibi yake. Je, ni kweli chumvi ilimwishia? Niendelee na kijiko?"

Marahaba, na poleni sana. Kumsikia mama akimwita mtoto wake kwa jina la marehemu ni jambo linalokaa moyoni muda mrefu, hata baada ya mgonjwa kupona. Naelewa kwa nini unataka kufanya lolote ili lisijirudie.

Nianze na kijiko, maana hicho kinaendelea kila asubuhi. Kisimamishe leo. Kijiko cha chai cha chumvi kina gramu 5 hadi 6, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, vyakula vyote vikijumlishwa. Mama mwenye presha anazimeza kwa mkupuo mmoja kabla hata hajapata kifungua kinywa. Presha itapanda, na saa moja baadaye atashikwa na kiu, atakunywa maji, na maji ndiyo yaliyomwangusha. Kuna wagonjwa ambao sisi wenyewe tunawaandikia vidonge vya chumvi kwa tatizo hili hili la sodiamu, lakini tunafanya hivyo baada ya kupima mkojo na kujua figo zinafanya nini, na kwa kipimo kinachojulikana. Kijiko cha kukisia ni jambo jingine kabisa.

Sasa swali lako kubwa: chumvi ilimwishia? Kwa namna ulivyoeleza, hapana. Karibu kila familia ninayokutana nayo wodini husoma ile namba kama geji ya mafuta ya gari: imeshuka, basi jaza. Lakini ile 114 haipimi chumvi yote iliyomo mwilini. Inasema kuna milimoli ngapi (kipimo cha wingi wa chembe) za sodiamu ndani ya lita moja ya majimaji ya damu. Kawaida ni 135 hadi 145. Ni kipimo cha ukolezi. Chukua glasi ya maji uliyotia chumvi, uimimine kwenye jagi, uongeze maji safi. Chumvi haijapungua hata chembe, ila ukionja utasema imepungua. Ndiyo maana nimewahi kumlaza mgonjwa wa moyo aliyevimba miguu hadi magotini, mwenye chumvi nyingi mwilini kuliko mtu mzima wa afya, na sodiamu yake ikasoma 125. Alikuwa na chumvi nyingi, na maji mengi zaidi ya chumvi.

Kwa hiyo sodiamu ikishuka, mara nyingi swali la kujiuliza ni kwa nini mwili umeshindwa kutoa maji. Figo nzima ina uwezo mkubwa wa kutoa maji ya ziada. Kijana mwenye afya na anayekula vizuri anaweza kunywa lita tatu, hata zaidi, akazikojoa zote na damu yake isitikisike. Kwa mama yako, naona mambo matatu yalikutana.

La kwanza ni chakula. Watu wengi hushangaa nikiwaambia hivi: figo haiwezi kukojoa maji matupu. Hata mkojo mwepesi kuliko wote, ule unaofanana na maji ya bomba, lazima ubebe kiasi fulani cha chumvi na mabaki ya protini. Mabaki hayo tunayapata kwenye chakula. Mtu anayekula vizuri ana mzigo wa kutosha wa kusindikiza lita nyingi za maji kutoka nje. Mzee anayekula kidogo, bila chumvi na bila protini ya maana, ana mzigo mdogo, kwa hiyo maji anayoweza kutoa nayo ni machache, hata kama figo zake hazina ugonjwa wowote. Uzee wenyewe pia hupunguza uwezo wa figo kuuzimua mkojo.

La pili ni zile lita tatu. Imani kwamba maji mengi husafisha figo imeenea sana, na inanisikitisha kwa sababu wanaoishika kwa bidii ndio wagonjwa wetu watiifu zaidi. Figo husafisha damu, hazisubiri kusafishwa kama sufuria. Mtu mwenye mawe ya figo ana sababu ya kunywa maji mengi. Mama mwenye presha, umri wa miaka 72, anayekula kidogo, hana sababu hiyo.

La tatu, na kwangu ndilo lililovunja mzani, ni kidonge. Dawa za kundi la thiazaidi ni dawa nzuri za presha, za bei nafuu, na zimelinda watu wengi dhidi ya kiharusi. Zinafanya kazi kwa kufunga mlango wa sodiamu katika sehemu ya mfereji wa figo ambako mkojo huzimuliwa. Mlango huo ukifungwa, chumvi inatoka na mkojo, lakini figo inapoteza uwezo wa kutoa maji peke yake. Mama anaendelea kunywa lita tatu, chumvi inatoka, maji yanabaki. Wanaoathirika zaidi ni wanawake wenye umri mkubwa na miili midogo, na mara nyingi hutokea wiki za mwanzo baada ya kuanza dawa. Wiki tatu za mama yako zinaingia hapo moja kwa moja. Sijaona faili lake, lakini kama madaktari wake waliamua kuondoa kidonge hicho, nadhani walifikiri hivyo hivyo.

Nije kwa kaka yako. Mwambie namheshimu kwa uchungu wake, na kwamba angekuwa daktari wa zamu usiku ule angejaribiwa kufanya anachokisema, na angeweza kumwacha mama akiwa kitandani maisha yake yote.

Maji hufuata chumvi. Damu ikiwa nyepesi, maji huhama kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, ambako ukolezi ni mkubwa zaidi, na seli huvimba. Mguu ukivimba, ngozi inatanuka. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kutanukia. Ndiyo sababu dalili zote ulizoziona zilikuwa za kichwa: kichefuchefu, kuyumba, kuchanganyikiwa. Ingeshuka zaidi au kwa ghafla zaidi, zingefuata degedege na kupoteza fahamu.

Lakini ubongo haukai tu ukivimba. Ndani ya siku mbili hivi, seli zake huanza kujiokoa kwa kutupa nje sehemu ya vitu vilivyomo ndani mwao, chumvi chumvi na molekuli nyingine ndogo, ili maji yatoke na uvimbe upungue. Ndiyo maana mtu ambaye sodiamu yake imeshuka polepole kwa wiki kadhaa anaweza kufika na 114 akiwa bado anakaa na kuongea, japo ovyo, wakati aliyeshuka hadi hapo kwa saa chache anafika hana fahamu. Ubongo wa mama yako ulikuwa umeshapunguza mizigo yake ili kuishi katika damu nyepesi. Sasa fikiria tuirudishe damu ghafla kuwa nzito, kutoka 114 hadi 138 kwa siku moja. Maji yatatoka ndani ya seli kwa kasi, na seli hazina tena vile vitu vya kuyashikilia. Zinanyauka. Zinazoumia zaidi ni zile zinazotunza ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, hasa kwenye shina la ubongo. Ala ikibomoka, neva hazipitishi tena ujumbe.

Jambo la kusikitisha kuhusu ajali hii ni kwamba haionekani siku ile ile. Mgonjwa huamka, hucheka na wanawe, familia hufurahi. Kisha siku ya pili hadi ya sita baada ya kupandishwa haraka anaanza kuongea kwa shida, kushindwa kumeza, mikono na miguu kuisha nguvu. Ndiyo maana tunajiwekea mpaka: isipande zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24, na kwa mgonjwa dhaifu anayekula vibaya tunajitahidi isivuke 8. Mgonjwa mwenye degedege au aliyezimia tunampandisha haraka kwa milimoli 4 hadi 6 za mwanzo, kwa dripu kali yenye gramu 30 za chumvi kwa lita, maana hizo chache zinatosha kuokoa maisha. Baada ya hapo tunashika breki.

Sasa hesabu na kaka yako: 114 hadi 122 ni 8, na siku ilikuwa bado haijaisha. Mama alikuwa amekwisha fika mpaka. Na kuna kitu ambacho wauguzi wa wodi wanakijua vizuri kwa kutazama tu mfuko wa mkojo. Kidonge kikishaanza kuisha mwilini na mgonjwa akapata chumvi kidogo, figo hupata tena uwezo wake, na mkojo mwepesi kama maji huanza kumiminika, mfuko unajaa kwa saa mbili. Hapo sodiamu hupanda yenyewe, hata dripu ya chumvi ikiwa imetolewa. Ili kuizuia isikimbie, daktari huweka dripu ya glukosi, ile mnayoiita ya sukari. Mwili huitumia sukari yake na kinachobaki ni maji, yanayorudisha ukolezi nyuma kidogo. Kwa hiyo dripu iliyomuudhi kaka yako yaelekea ndiyo iliyomlinda mama. Kama daktari angechukua dakika tano kuwaeleza hivi pale kitandani, nyumba yenu isingegawanyika, na kwa hilo mna haki ya kulalamika.

Mwanao ameuliza swali zuri kuliko yote, naomba umsomee hapa. Sodiamu ya metali kweli ni kitu cha hatari. Nilipokuwa mwanafunzi mwalimu alitoa kipande kwenye chupa ya mafuta ya taa, akakikata kwa kisu cha kawaida kama siagi iliyoganda. Ndani kiling'aa kama fedha, na kabla hatujamaliza kukishangaa kikawa kimefifia kuwa kijivu, kwa sababu kilishaanza kuungana na hewa. Akadondosha kipande kidogo kuliko punje ya mtama kwenye beseni la maji. Kikaelea, kikawa tone la duara, kikakimbia huku na huku kikichemka hadi kikaisha. Chembe ya sodiamu ina elektroni moja ya nje ambayo haitulii nayo, na ikikutana na maji huitoa kwa nguvu, kwa joto na gesi ya haidrojeni inayoweza kuwaka. Kelele yote unayoisikia ni ya kuitoa hiyo elektroni. Ikishatoka, kinachobaki ni ioni ya sodiamu, tulivu kabisa, na hiyo ndiyo iliyomo kwenye chumvi, kwenye bahari na kwenye damu ya bibi yake. Kuirudisha kuwa metali ni kazi ngumu kiasi kwamba hakuna aliyeweza hadi mwaka 1807, mwanakemia Humphry Davy alipopitisha umeme kwenye soda kali (haidroksidi ya sodiamu) iliyoyeyushwa kwa moto. Leo kiwandani huipata kwa kupitisha umeme kwenye chumvi iliyoyeyushwa kwa moto, si kwa maji, na misombo ya sodiamu ndiyo inayotengeneza sabuni na kioo cha dirisha.

Mwilini ioni hiyo haina kazi ya kulipuka, ina kazi ya kukaa upande wake. Nje ya seli kuna sodiamu kama 140, ndani kama 10 hadi 15. Tofauti hiyo haiji bure: kwenye utando wa kila seli kuna pampu zinazotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana, na zinakula sehemu kubwa ya nishati tunayotumia tukiwa tumelala tu. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, aliieleza pampu hiyo mwaka 1957, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997, miaka arobaini baadaye. Neva ikitaka kupeleka ujumbe hufungua milango, sodiamu inaingia kwa kasi, na hilo wimbi dogo la umeme ndilo linalosogeza kidole na kukumbuka jina la mtu. Mwanao akisema bibi yake anaishi kwa sodiamu, hajakosea.

Turudi kwa mama. Miaka sita bila chumvi kabisa haikuwa ushauri mbaya, ila ulivutwa kupita ulipopaswa kuishia. Kupunguza chumvi kunashusha presha, hilo sina shaka nalo, na duniani kote watu hula kwa wastani karibu mara mbili ya kinachoshauriwa. Lakini kupunguza si kufuta. Muwekee chumvi kidogo chakula kikiwa jikoni, kisiwe na nyingine mezani, na jumla ya siku ibaki chini ya gramu 5. La muhimu zaidi kwake ni kula: mayai, maharage, samaki, nyama, chochote chenye protini anachokipenda. Hamu ikiwa haijarudi ndani ya wiki chache, hilo lenyewe ni la kumpeleka kuchunguzwa, msilichukulie kuwa ni uzee. Jihadhari pia na chumvi mbadala zinazouzwa kwa ajili ya wenye presha. Nyingi ni za potasiamu, na kwa mtu mwenye figo dhaifu au anayetumia baadhi ya dawa za presha zinaweza kupandisha potasiamu hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Na akiwa anatumia vidonge vya maumivu vile vya kuyeyusha vinavyotoa povu, vibadilishe kwa vya kumeza. Kimoja kinaweza kuwa na takriban miligramu 400 za sodiamu, sawa na gramu moja ya chumvi.

Maji ayanywe kwa kiasi alichoandikiwa. Kama hamkupewa namba, rudini mkaiulize, maana "punguza" kwa mtu aliyezoea lita tatu inaweza kuwa lolote. Inasaidia kujaza asubuhi chupa ya kiasi hicho na kuhesabu humo chai, uji na supu pia. Msimkaushe kwa kiu. Siku akitapika au kuharisha mambo yanabadilika, maana hapo anapoteza chumvi na maji kwa pamoja. Maji matupu hayatoshi, na chumvi tupu haitoshi. Mpeni maji ya ORS yaliyochanganywa kama pakiti inavyosema: sodiamu na glukosi humo zimepimwa sawa kwa sawa, kwa sababu kwenye utumbo kuna mlango unaozipitisha pamoja, moja ikimshika mkono mwenzake, na maji yakifuata. Kwa umri wake, siku hiyo hiyo mpelekeni akaonwe.

Kile kidonge asirudishiwe. Hili liandikeni kwenye karatasi ikae na kadi zake: alipata sodiamu ya 114 kwa dawa ya kundi la thiazaidi. Zahanati nyingine isiyojua historia hii inaweza kumwandikia tena kwa nia njema, na mara ya pili inaweza kushuka kwa haraka zaidi. Zipo dawa nyingine za presha zisizo na tabia hiyo. Dawa zake nyingine za presha, kama anazo, asiziache kwa hofu. Na mtu yeyote akitaka kumwandikia dawa ya msongo wa mawazo au ya kifafa, mmtajie jambo hili kwanza, kwa sababu kadhaa kati ya hizo hushusha sodiamu kwa njia nyingine, kwa kuchochea homoni inayoiambia figo izuie maji.

Namba 131 bado iko chini ya kawaida. Watu huidharau kwa sababu mgonjwa anaongea vizuri, lakini hata upungufu mdogo huvuruga mwendo, na mzee akianguka akavunja nyonga safari ni ndefu. Wiki hii mpelekeni akapimwe tena, na mumweleze daktari kuhusu kijiko cha chumvi bila kuona aibu, maana kitamsaidia kusoma majibu. Apimwe sodiamu, potasiamu, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na sukari, kwa kuwa sukari ikiwa juu sana huvuta maji kuingia kwenye damu na kuishusha sodiamu kwenye karatasi. Ikiwa imefika 135 au zaidi, arudie baada ya mwezi. Ikiwa bado iko chini wakati kidonge kimekwisha achwa wiki zote hizi, basi kidonge hakikuwa sababu pekee, na daktari apime mkojo, tezi ya shingo na homoni ya tezi iliyo juu ya figo, na apige picha ya kifua, kwa sababu baadhi ya magonjwa ya mapafu huleta hali hii hii.

Msisubiri miadi akianza tena kuchanganya majina, kusinzia mchana kusiko kawaida, kutapika mfululizo, kuumwa kichwa sana, kuyumba au kuanguka. Akipata degedege mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, na mmkimbize hospitali usiku huo huo. Mkifika mapokezi, kabla ya maelezo mengine yote, semeni: "Alilazwa kwa sodiamu 114." Na beba vidonge vyake vyote, vikiwa ndani ya maboksi yake.